Skini uliyoweka mwenyewe, mwenzako haioni

Wengi wanaamini kwamba ukiipa bunduki yako ya AK-47 skini (mwonekano mpya) ya dhahabu kwenye mchezo wa kompyuta wa Counter-Strike 1.6, kila aliye kwenye seva, yaani kompyuta inayowaunganisha wachezaji, ataiona iking'aa. Haiko hivyo. Ulichobadilisha ni faili lililo kwenye kompyuta yako tu. Seva hutuma taarifa kwamba umeshika AK-47. Picha yake kila kompyuta huitoa kwenye folda yake.

Hata wewe mwenyewe unaweza kushangaa: umebadilisha v_ak47.mdl, faili la bunduki unayoiona mkononi mwako, nayo inapendeza, ukiitupa chini imerudi ileile ya zamani. Inayoonekana chini ni w_ak47.mdl, na ile iliyo mikononi mwa wachezaji wengine ni p_ak47.mdl. Ni mafaili matatu tofauti. Ukihariri rangi, toa picha iliyo ndani ya faili hilo kama BMP (aina ya faili la picha) ya rangi 256 na uirudishe kwa vipimo vilevile. Na tafadhali, nakili faili la asili kwanza!

Mkanganyiko huu nadhani umekolezwa na CS:GO, toleo la baadaye la Counter-Strike, ambalo mwaka 2013 lilipata skini zinazokaa kwenye akaunti ya mchezaji. Hizo seva inazijua, kwa hiyo kila mtu anaziona.

Nguvu ya risasi? Skini haiigusi kabisa.