Je, wajua kwa nini mtungi wa asetilini haulazwi?

Pita kwenye gereji asubuhi, utawaona mafundi wa kuchomelea wakishusha mitungi miwili kutoka kwenye mkokoteni. Ule mweusi ni wa oksijeni. Mwingine, wa rangi ya damu ya mzee, ndio wa asetilini, gesi inayochomwa pamoja na oksijeni ili kuchomelea chuma. Mara nyingi huu wa pili umesafiri ukiwa umelala, na hufunguliwa papo hapo kwa kuwa mteja anasubiri. Kosa hilo linanitia hofu kila ninapoliona, maana chanzo chake ni kutojua tu kilichomo mle ndani.

Gesi ya kupikia ni hatari ikivuja, lakini haiwaki bila hewa. Ndani ya mtungi wake imetulia, hata ikibanwa mpaka ikawa kimiminika. Asetilini haina utulivu huo. Molekuli yake ni atomi mbili za kaboni zilizoshikana kwa vifungo vitatu, na haidrojeni moja kila upande, nayo imebeba nishati nyingi mithili ya upinde uliokwisha kuvutwa. Ikiwa imebanwa, joto, cheche au hata kishindo chaweza kuivunja iwe masizi na haidrojeni, bila oksijeni hata chembe. Kuvunjika huko hutoa joto kali, joto hilo huvunja molekuli za jirani, na kwa kufumba na kufumbua gesi yote imelipuka. Ndiyo maana kanuni inayofuatwa na mafundi ni kwamba presha ya asetilini iliyo huru, kwa mfano ndani ya mpira wa kupitishia gesi, isizidi paundi 15 kwenye geji. Hiyo ni kama nusu ya upepo wa tairi la gari dogo.

Basi imekuwaje mtungini ikawekwa kwa paundi zipatazo 250?

Jibu lilipatikana kwa gharama. Miaka ya 1890 watu walijaribu kuibana asetilini kama gesi nyingine, na milipuko ikaua. Kisha Wafaransa Georges Claude na Albert Hess wakaonyesha kwamba asetoni, kimiminika kile kile cha kutolea rangi ya kucha, huimeza gesi hii kwa wingi: lita moja humeza lita 25 hivi kwa presha ya kawaida, na kiasi cha lita 300 presha ikifika mara 12 ya hapo. Lakini asetoni peke yake haikutosha, kwani juu yake hubaki nafasi ambamo gesi huru hujikusanya. Msweden Gustaf Dalén, aliyekuwa akitafuta mwanga wa kuaminika wa minara ya kuongozea meli, akaboresha wazo la kuujaza mtungi wote kitu kigumu chenye vitundu vidogo mno, ambamo asetoni hufyonzwa. Katika vitundu hivyo mlipuko hukosa pa kukimbilia, ukazimika. Mwaka 1912 alipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia kwa kazi yake ya taa za minara na maboya. Mwaka huo huo alikuwa amepofushwa na mlipuko wa asetilini akiwa katika majaribio ya usalama wa mitungi yenyewe. Tuzo ikapokelewa na ndugu yake.

Kwa hiyo mtungi wa asetilini si chombo kitupu chenye gesi. Ni kama sifongo iliyolowa. Ukiulaza na kuufungua, asetoni hutoka pamoja na gesi, huharibu reguleta (kifaa cha kupunguza presha) na mpira, na mwali hubadilika. Baya zaidi, kila asetoni inapopungua, gesi inayobaki hukosa wa kuishika. Ukiwa umesafirishwa umelala, usimamishe na uuache saa kadhaa asetoni ishuke. Kuvuta gesi kwa pupa pia huitoa asetoni, hata mtungi ukiwa wima.

Jambo jingine ni shaba nyekundu. Mpira ukipasuka, wapo wanaouunga kwa kipande cha bomba la shaba. Asetilini ikikaa na shaba hiyo huzaa asetilidi, ambayo ikikauka hulipuka kwa kuguswa tu. Tumia kiungio kilichotengenezwa kwa gesi hii, weka vali za kuzuia moto usirudi mpirani, na tafuta uvujaji kwa povu la sabuni. Pua nayo husaidia: gesi inayotokana na kabaidi, yale mawe yanayotoa asetilini yakitiwa maji, hunuka kama kitunguu saumu.

Na mtungi ukiunguzwa na moto, usiuguse wala usiuhamishe. Watu waondoke mbali, zimamoto waitwe, na upoozwe kwa maji mengi kutoka nyuma ya kinga. Moto wa nje kuzimika si dalili kwamba mambo yamekwisha, kwa sababu gesi iliyoanza kuvunjika ndani yaweza kuendelea kujichemsha yenyewe. Zimamoto huuangalia maji yakisimamishwa: ukifuka mvuke, au ukikauka upesi, maji hurudishwa.