Aina za dengu kwa umwagiliaji: wakulima wachague kuanzia kichwani hadi mkiani mwa mfereji

Dengu (chickpea) ni zao lililozoea kukua kwa unyevu unaobaki ardhini mvua zikishakatika, na aina nyingi zilizopo zilichaguliwa kwa hali hiyo. Kwenye umwagiliaji mambo hubadilika. Dengu ikiendelea kupata maji huendelea kutoa matawi na majani, inachelewa kujaza maganda, kisha inalala chini. Maji yakituama, mizizi hukosa hewa na vinundu vyake huacha kunasa naitrojeni ya hewani.

Kwa hiyo aina iliyoongoza penye ukame si lazima ifae hapa. Tunatafuta shina imara, ustahimilivu wa mnyauko fuzari (ugonjwa wa kuvu wa udongoni unaonyausha mimea), na ukomavu wa mapema ili maua yasikutane na joto kali. Joto likipita nyuzi 35 za Selsiasi, chavua hudhoofika na maganda hupungua. Aina ya JG 14, iliyotokana na kazi ya ICRISAT, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mazao ya maeneo makavu, inasifika kwa kuhimili joto. NBeG 47 ya India ni ndefu na husimama wima, hata huvunwa kwa mashine.

Lakini sifa za kwenye karatasi hazitoshi. Kila mkulima apewe aina mbili au tatu azipande kando ya mbegu yake mwenyewe, kwa maji anayoyapata kwa kawaida. Hapa ndipo majaribio mengi hupotoka: viwanja huwekwa karibu na kichwa cha mfereji, kwa kuwa ndiko wageni hufika kirahisi. Mkulima wa mkiani hupata maji kwa kuchelewa, pengine mara moja tu. Aina ikishinda kichwani na kushindwa mkiani, wastani utaficha jambo analohitaji kulijua. Mimi ningependekeza aina mbili kwa skimu moja kuliko kulazimisha moja.

Ninyi mnaosimamia majaribio, waiteni wakulima wakati wa maganda, wakati wa kukomaa, na tena baada ya kupika. Wataje wenyewe vigezo vyao kwanza, ndipo wapige kura kwa punje au kadi, za wanawake zikiwa na rangi tofauti na za wanaume. Ulizeni hasa kwa nini aina fulani imekataliwa. Inayozaa sana inaweza kukataliwa kwa sababu inachelewa kuiva jikoni, au punje zake hazina mnunuzi.

Makundi mawili ya dengu, desi (yenye punje ndogo za rangi iliyokolea) na kabuli, nayo yajadiliwe wazi. Kabuli ina punje kubwa na nyeupe, lakini ngozi nyembamba ya punje hizo huifanya mbegu ioze kirahisi kwenye udongo uliolowa mno. Ni heri kumwagilia kabla ya kupanda, udongo ukauke kiasi, ndipo mbegu iingie.

Aina ikishachaguliwa, wakulima wanaweza kutunza mbegu yao kwa misimu kadhaa, maana dengu hujichavusha yenyewe. Kila aina ipurwe peke yake, kwenye turubai lililokung'utwa vizuri.