Hapana, bahari siwezi kukuletea lobini

Simu ya hoteli tena wiki hii. Salamu ndeeefu, halafu: "Msanii, tumeipenda ile kazi yako ya taa, tunataka ile ile, ututundikie lobini kabla msimu wa wageni." Mara ya ngapi mwaka huu, nshaacha kuhesabu. Naandika leo ili nikiulizwa tena nitume linki tu.

Ile si seti ya taa jamani. Pwani kuna boya ndani ya bomba, lina kibendera juu, maji yakijaa boya linapanda, sensa inasoma, namba inasafiri kwa redio mpaka chumba cha juu kwenye nyumba moja ya Mji Mkongwe, na mwanga unapanda ukutani sawa na maji. Sola, betri, waya, hayo madogo (chumvi inakula kila kitu, tuyaache). Chumba chenyewe ndo nusu ya kazi. Chembamba, kama vyumba vya zamani huku, maana dari imelalia boriti za mikoko na boriti hazina urefu wa kukufurahisha wewe, mita 3 hivi basi. Kwa hivyo ukiingia mwanga unakubana huku na huku, siku za bamvua, maji yakijaa kupita kawaida, unakupita kichwa. Sasa lobi yenu ina upana gani?

"Basi si tuweke taima?" Hapa ndo nachemka. Taima ya saa ngapi? Maji yanajaa mara mbili kwa siku na kila siku yanachelewa kama dakika 50, mvuvi yeyote anajua. Halafu bamvua si maji mafu, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu bahari inaweza kupanda na kushuka karibu mita 4, wiki ya pili inajikokota tu. Najua, jedwali la maji lipo, kijana wa programu atakwambia liingize humo uende zako. Lakini jedwali ni hesabu ya mwezi na jua, upepo ukiyasukuma maji lenyewe halina habari, na mie nazitaka hizo sentimita chache zilizokosewa.

Msanii mwenzangu Olafur Eliasson aliweka mapande 12 ya barafu ya Greenland uwanjani Paris mwaka 2015, siku za mkutano wa tabianchi, yakayeyuka watu wanaona. Hebu mwambieni ayatie friza.

Ila nikiri. Mwaka jana boya lilikwama kwa mwani siku tatu, nikaendesha taa kwa jedwali kimyakimya. Wageni wakaingia, wakapiga picha, wakasifu. Hata mie nilikaa mle jioni moja nikasahau. Sasa hizo sentimita zangu ziko kwenye kazi au kichwani mwangu? Sijui, na hili linanikera kuliko simu za hoteli.

Siku ya nne nikashuka maji yakiwa yamepwa kusafisha bomba. Bibi mmoja alikuwa pale anachokoa kombe.

"Mwanangu, kidude chako kimepona?"

"Shikamoo bibi. Ulijuaje kinaumwa?"

"Marahaba. Maji yanajaa, kile kibendera kimenuna pale pale, siku tatu."

Chumbani mwenyewe hajawahi kuingia.