Je, wajua kwa nini wimbo wa polepole humtoa jasho mpuliza saksafoni?

Mtu anayejifunza saksafoni ukubwani, jioni baada ya kazi, hufika siku akachoshwa na kupanda na kushuka ngazi za noti. Anataka wimbo. Akizitazama nyimbo za mbio anaona noti zimejipanga kama siafu, basi anajiambia: ngoja nianze na baladi. Baladi kwa watu wa jazi ni ule wimbo wa polepole, wa mapenzi au wa majuto, unaopigwa wageni wakishapungua ukumbini. Noti chache, nafasi tele, vidole havifukuzwi na mtu. Anaupiga, anajirekodi kwa simu, anajisikiliza. Halafu anairudisha saksafoni sandukuni kimya kimya, kama anayefunika sufuria ya wali ulioungua wageni wasije wakanusa.

Nami nimepitia hapo. Napuliza saksafoni ya tenori kwa ridhaa, sijawahi kulipwa hata nauli, na miaka ilipita kabla sijaelewa kwa nini wimbo ambao mtoto anaupiga mluzi njiani ulinishinda, ilhali wa mbio naweza angalau kuudanganya.

Hesabu ndogo inaeleza sehemu kubwa ya jambo hili. Nyimbo nyingi za zamani za jazi zina vipimo 32, kila kipimo mapigo manne. Upige wimbo huo kwa mapigo 240 kwa dakika, mwendo wa wakali, mzunguko mzima unakwisha kwa sekunde 32. Upige kwa mapigo 60, mwendo wa baladi, unachukua zaidi ya dakika mbili. Katika ule mwendo wa kwanza noti fupi za kawaida, mbili kwa kila pigo, hudumu moja ya nane ya sekunde. Katika huu wa pili, noti ya kushikilia kipimo kizima inadumu sekunde nne. Sema "aaa" kwa sekunde nne mbele ya watu walionyamaza, ndipo utajua urefu wake.

Ndani ya moja ya nane ya sekunde sikio halipati nafasi ya kukagua. Linadaka mwelekeo tu: zinapanda, zinashuka, kijana ana vidole, tumpigie makofi. Likipewa sekunde nne linageuka mwalimu wa zamu. Noti imeanzaje? Imetulia au inayumba? Inakubaliana na piano au imekaa juu kidogo? Na inaishaje, inafifia au inakatwa kama kamba? Hayo yote hayaandikwi kwenye karatasi ya muziki, na ndiyo mzigo wenyewe.

Kwa nini basi ni vigumu kuishikilia noti moja? Hapa lazima tuingie mdomoni. Saksafoni ilibuniwa na Adolphe Sax, Mbelgiji mzaliwa wa Dinant, aliyeipatia hataza jijini Paris mwaka 1846. Mwili wake ni wa shaba, lakini wenye elimu ya ala huiweka pamoja na klarineti na filimbi katika ukoo wa ala za mbao, kwa sababu sauti yake haianzii kwenye shaba. Inaanzia kwenye ridi, kipande chembamba cha tete kilichochongwa na kufungwa kwenye kipulizio. Watu wa pwani wanaijua kanuni hiyo kwenye nzumari: pumzi inatikisa tete, tete linatikisa hewa iliyomo ndani ya ala.

Sasa, ridi haitetemeki mpaka shinikizo la pumzi lifike kiwango fulani. Ukipuliza kwa nguvu uko mbali sana na mpaka huo, na hata ukiyumba kidogo hakuna linaloharibika. Baladi inataka upulize kwa upole, na kupuliza kwa upole ni kusogea karibu na mpaka. Ni sawa na utambi wa kibatari ulioshushwa: ukiwa juu, upepo wa mlangoni hauutishi, ukiwa chini, anayepita na kanga tu anauzima. Ndiyo maana mwanafunzi akijaribu kupiga taratibu, noti haitoki kabisa, au inatoka kwa mshtuko baada ya pigo kupita. Dawa inashangaza mwanzoni: unapopunguza sauti, tumbo halilegezwi. Misuli ya tumbo inaendelea kuisukuma pumzi kwa uthabiti uleule, ila hewa yenyewe inayopita inakuwa kidogo. Baladi tatu mfululizo zinakuacha umelowa.

Noti za chini ni balaa jingine. Ukibana mdomo kwa woga, noti inaruka oktava nzima juu, yaani ngazi nane za noti, na kulia kama bata. Wakongwe walipata njia ya kuzipiga laini: taya linashushwa, mdomo wa chini unarudishwa nyuma kidogo na kuiegemea ridi kama kitambaa kinachofunika kengele. Mitetemo ya juu, ile inayoipa saksafoni ukali wake, inafifia, inabaki sauti nene ya chini yenye upepo ndani yake. Wapulizaji huiita sabutoni. Aliyeifanya iwe sahihi yake ni mpuliza tenori Ben Webster, mzaliwa wa Kansas City mwaka 1909, aliyekuwa katika bendi ya Duke Ellington kuanzia 1940. Sikiliza anavyomalizia mstari. Noti inaondoka, inabaki pumzi peke yake, shaba haina sauti tena lakini bado unamsikia mtu. Kwa maoni yangu hakuna aliyemfikia hapo, na najua wapo watakaogomba.

Saksafoni yenyewe nayo ina hila zake. Kuna mahali katikati ambapo noti moja hupigwa vidole vyote vikiwa juu, na inayofuata, nusu hatua tu mbele, hupigwa vidole sita vikiwa chini na kidole gumba kimebonyeza kitufe cha oktava. Ya kwanza inatumia kipande kifupi cha bomba, ni nyembamba na hafifu. Ya pili inatumia karibu bomba zima, ni nene na nzito. Katika wimbo wa mbio hakuna anayegundua. Katika baladi, ukivuka hapo bila kujiandaa, ni kama mwimbaji kabadilishwa katikati ya neno. Tena kuna joto. Kila nyuzi moja ya joto ikiongezeka, kasi ya sauti hewani huongezeka kwa takriban mita 0.6 kwa sekunde, na noti hupanda kidogo. Saksafoni iliyotoka kwenye chumba chenye kiyoyozi huanza ikiwa chini, kisha inapanda kadiri unavyoipulizia pumzi ya moto. Ulipatana na piano mwanzoni mwa wimbo, mwishoni mmeachana.

Swali linalofuata ni kwa nini watu hujitesa na tenori hasa. Nadhani ni kwa sababu inakaa pale alipo binadamu. Noti yake ya chini kabisa hutetemeka takriban mara 104 kwa sekunde, na sauti ya mwanamume anapozungumza kwa kawaida huwa kati ya mara 85 na 180 hivi. Msikilizaji anasikia kitu kinachofanana na mtu mzima anayesema naye karibu na sikio, kwa hiyo anakidai kile anachokidai kwa mtu: ukweli, pumzi, mahali pa kunyamaza.

Mfano ambao kila mwanafunzi wa tenori huelekezwa ni "Body and Soul", uliotungwa na Johnny Green mwaka 1930. Tarehe 11 Oktoba 1939, jijini New York, mpuliza tenori Coleman Hawkins aliurekodi muda mfupi baada ya kurudi kutoka Ulaya alikokaa miaka mitano. Anaugusa wimbo wenyewe mwanzoni tu, kisha anauacha na kuanza kuufumua na kuushona upya, mizunguko miwili mizima, dakika tatu hivi za santuri. Katikati yake wimbo unahama na kupanda nusu hatua nzima, mahali ambapo wengi wetu hupotea. Yeye anapita kama anayevuka kizingiti cha nyumbani kwake. Santuri ile iliuzwa vizuri sana, jambo la ajabu kwa rekodi ambayo karibu yote haina wimbo wa kuimba. Mimi namshauri anayeanza asiuige. Hawkins aliuacha wimbo kwa sababu alikuwa ameumaliza. Sisi tunaukimbia tu.

Njia iliyo karibu zaidi na mpigaji wa ridhaa ni ya Lester Young, mpuliza tenori mwingine, aliyesisitiza kwamba mpigaji ajue maneno ya wimbo. Dexter Gordon, naye wa tenori, alilifanya hilo wazi zaidi: kabla ya kupiga baladi, alisogea kwenye kipaza sauti na kuisomea hadhira mistari ya wimbo, taratibu, ndipo akaipandisha tenori mdomoni. Ilionekana kama madoido. Ilikuwa ramani. Ukijua maneno unajua mahali pa kuvuta pumzi, maana hakuna anayepumua katikati ya neno. Unajua silabi ipi ni nzito na ipi ipite. Sisi tuliokulia karibu na taarabu hatuhitaji kuhubiriwa hili: mtu hainuki kwenda kutunza kwa sababu fidla imepanda, anainuka mstari ukimgusa.

Hapo nilijikuta na tatizo ambalo nadhani ni letu. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kisha ile ya mwisho inaachiwa ipite. Nyimbo za Marekani mara nyingi huishia kwenye neno la silabi moja linalobeba uzito wote. Hata jina la wimbo wa Hawkins linaishia hivyo. Mimi nilikuwa naipa nguvu noti ya kabla ya mwisho na kuiachia ya mwisho ife, kila mstari, bila kujua. Rekodi zangu zilisikika kama mtu anayekatisha sentensi. Nilipozungumza maneno ya Kiingereza kwanza, kwa sauti, kisha kuyapuliza, mistari ikaanza kukaa. Baadaye nikafanya kinyume: nikachukua wimbo wa polepole wa harusini ninaoujua tangu utotoni na kuupuliza kwa mkazo wa Kiswahili. Huo ndio wimbo wa kwanza nilioupiga watu wakaacha kuzungumza.

Kuna jingine linalotusumbua, nalo ni chemko. Neno jazi kwetu lilikwenda kwenye majina ya bendi za dansi: Nuta Jazz, Morogoro Jazz, Tabora Jazz, na ng'ambo ya ziwa OK Jazz ya Kinshasa, iliyoanzishwa 1956. Muziki wenyewe zaidi ulikuwa rumba na ndugu zake, na wimbo ulianza kwa utulivu, mwimbaji akaeleza shida yake, kisha gitaa likabadilika, saksafoni na tarumbeta zikaingia kwa pamoja na watu wote wakajua kumekucha. Sikio lililolelewa hivyo husubiri chemko. Baladi haina. Inaanza polepole na kuishia palepale, na mpulizaji asipojichunga miguu inamsukuma: kufikia kipimo cha 20 mapigo 60 yamekuwa 72. Ninatumia metronomu, kile kihesabu mapigo, ya kwenye simu, nikiiweka igonge pigo la pili na la nne tu. Ile nafasi kati ya mlio na mlio inatisha, na nimewahi kuapa kwamba simu imeharibika.

Mazoezi mengine ni ya kuchosha, sitayapamba. Noti moja, kuanzia kimya, ikue hadi sauti kamili, irudi kimya, bila kuyumba, sekunde kumi na zaidi, kisha inayofuata. Ulimi uiguse ridi kama unasema "du" na usiseme "tu". Mtikisiko wa taya, ule wa kusema "wa-wa-wa" ndani ya mdomo, usiwashwe tangu noti inapoanza. Uachie kwanza sauti isimame wima, halafu itikise kidogo inapokaribia kuondoka. Wanafunzi wengi huutumia kuficha noti isiyopatana na piano, na sikio linajua.

Mimi kwa sasa niko kwenye ule mwisho wa Webster, ambapo noti inaisha na pumzi inabaki. Nimeufanyia kazi tangu masika, usiku, dirisha limefungwa. Juzi jirani alinigongea mlango akiuliza kama sijasikia bomba la maji likivuja ukutani. Nikamwambia sijasikia kitu, nikarudi kujaribu tena.