Nani kala salio? Dhana potofu kuhusu makato ya simu, na ukweli wake

Vocha ya shilingi 1,000 umeiingiza asubuhi pale Darajani. Mchana unataka kumpigia mtu Wete, unaambiwa salio halitoshi. Hapo kila aliyekaa barazani ana lake: huyu anasema mtandao unaiba, huyu simu imeingia kirusi, yule zile namba za nje ndizo zilizokula. Wengi wanabahatisha. Pesa ya simu hutoka kwa njia zinazojulikana: simu yenyewe imepiga au imetuma ujumbe, laini imeandikishwa huduma ya kulipia kwenye mitambo ya kampuni, au data imetumika nje ya kifurushi. Kila njia ina dawa yake, na dawa ya moja haitibu nyengine. Ndiyo maana mtu hufuta programu zote za simu na salio likaendelea kuliwa vilevile.

"Programu zinazopiga simu zenyewe zilikwisha na kompyuta za zamani"

Nusu ya maneno haya ni kweli. Programu hizo huitwa daila. Daila ya asili ilikuwa programu ndogo ya kompyuta iliyotegemea waya wa simu ya mezani na modemu, kile kifaa cha kuiunganisha kompyuta na intaneti kwa kupiga simu. Ilikata muunganisho wako wa kawaida, ikazima sauti ya modemu usisikie, kisha ikapiga namba ya nchi ya mbali yenye bei kubwa. Mwaka 1997 Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, ilifungua kesi juu ya mtego wa namna hiyo: watu walipakua programu ya kutazama picha "bure", modemu zao zikapiga Moldova, na dakika zikaendelea kuhesabiwa hata baada ya mtu kutoka kwenye tovuti. Kompyuta ya leo iliyo kwenye faiba au WiFi haipigi namba yoyote ili ipate intaneti, kwa hiyo daila ya aina ile haina pa kupitia. Kama ofisi yako bado ina modemu au mashine ya faksi kwenye laini ya 024 ambayo haitumiki, chomoa waya, basi.

Kazi ileile sasa inafanywa ndani ya simu ya mkononi. Mwaka 2010 iligunduliwa programu ya Android iliyojifanya kicheza video huku ikituma SMS za kulipia kwa siri. Kizazi kilichofuata ni hatari zaidi kwa sababu hakitumi hata SMS: hufungua ukurasa wa usajili kwa nyuma, hubonyeza "Nakubali" kwa niaba yako, na hujisomea msimbo wa uthibitisho unapoingia. Familia moja ya programu hizi inaitwa Joker. Google ilisema Januari 2020 kwamba imeshaondoa zipatazo 1,700 za aina hiyo kwenye duka lake. Mwaka 2021 wachunguzi wa Kaspersky walikuta kirusi cha Triada ndani ya toleo la FMWhatsApp, na kimoja kati ya vitendo vyake ni kumsajili mwenye simu kwenye huduma za kulipia. Zile WhatsApp "zenye mambo zaidi" ambazo vijana hurushiana kwa Bluetooth ni za jamaa hiyohiyo. Mtu akikuambia yake haina tatizo, muulize ameangalia wapi.

Pa kuangalia ni hapa. Fungua mipangilio, ingia kwenye programu, kisha ruhusa maalumu, utafute inayohusu SMS za kulipia (majina hutofautiana kidogo baina ya simu na simu). Programu yoyote iliyowekewa "ruhusu daima" ibadilishe iwe "usiruhusu". Halafu angalia nani ana ruhusa ya SMS, nani ana ruhusa ya kusoma arifa, na nani ana ruhusa ya huduma za ufikivu, ile inayoiwezesha programu kubonyeza skrini badala yako. Programu ya adhana na kibla inahitaji kujua ulipo. Haina kazi na SMS zako. Tochi haihitaji chochote zaidi ya taa.

"Mimi natumia WiFi tu, hawanipati"

Usajili wa aina hii hukutambua kupitia data ya laini, kwa sababu ukurasa ukifunguliwa kwa data mtandao unajua namba yako bila kukuuliza. Programu mbovu zinalijua hilo, na baadhi huizima WiFi kwa muda ili simu irudi kwenye data. WiFi inakulinda pale tu ambapo swichi ya data ya simu umeizima kwa mkono wako.

"Ukipokea simu ya namba ya nje, salio linaliwa"

Ukiwa hapa nchini, kupokea simu hakukatwi hata shilingi, itoke Komoro au itoke mwezini. Kinachokula ni kupiga wewe. Matapeli hubipu mara moja, wakakata kabla hujashika simu, wakisubiri urudishe. Namba unayorudishia ina gharama kubwa ya kuifikia, na sehemu ya gharama hiyo hurudi kwa aliyeikodi. Ndiyo maana ukipiga utasikia muziki, au sauti iliyorekodiwa ya simu inayoita: wewe unadhani hajapokea, kumbe dakika zinakwenda.

Visiwani mtego huu unanasa kirahisi kwa sababu ya jamaa zetu. Mtu akiona +968 anafikiri ni shangazi Maskati, akiona +971 ni kaka Dubai, akiona +269 ni ukoo wa Ngazija. Jamaa wa kweli atapiga tena, au atatuma ujumbe wa WhatsApp. Namba ya nyumbani huanza na +255. Tarakimu nyengine yoyote baada ya alama ya kujumlisha ni nje, na kama humjui mwenyewe usirudishe.

Kama hupigi nje kabisa, funga mlango. Msimbo wa kuzuia simu za kimataifa ni *331*, kisha nywila ya kuzuia, kisha #. Kuangalia kama imekubali ni *#331#, na kuondoa ni #331*, nywila, #. Nywila inatoka kwa kampuni ya laini, na mtandao ukiukataa msimbo, mwambie mhudumu akuzuilie kutoka upande wake. Usibahatishe nywila mara nyingi, huduma hujifunga.

Kumbuka tofauti moja: ukisafiri na laini ya hapa, kupokea nako kunalipiwa.

"Wakikwambia ubonyeze 9, wamekopi laini yako"

Hapana. Tarakimu unazobonyeza katikati ya mazungumzo hazinakili laini. Cha kuogopwa ni msimbo unaoambiwa uupige mwenyewe, ukianza na *21* au **21* na kufuatiwa na namba ya mtu. Huo unazielekeza simu zako zote kwake, pamoja na zile za kuthibitisha akaunti, na gharama ya kila simu inayoelekezwa inakatwa kwako. Piga *#21# uone kama kuna kitu. Kufuta uelekezaji wote ni ##002#.

"Nimefuta programu na nimeresti simu, yamekwisha"

Hapa ndipo wengi wanapopoteza miezi. Huduma ya kulipia, iwe vichekesho, matokeo ya mpira, hadithi au wimbo anaousikia anayekupigia, ikishaandikishwa inakaa kwenye mitambo, imefungwa kwenye namba yako. Hamisha laini uitie kwenye kitochi, bado itakatwa. Wengi walijiunga bila programu yoyote. Ule ujumbe unaojitokeza wenyewe katikati ya skrini na kitufe cha "Sawa": mtoto ameushika, amebonyeza, umejiunga. Ukimpigia mtu ukasikia kasida nzuri na sauti ikasema bonyeza nyota uipate, ukabonyeza, umejiunga pia, na itajirudia mpaka uitoe.

Dalili yake ni makato ya kiasi kilekile, mfano shilingi 100 au 150, kila siku au kila wiki. Salio likiwa tupu, mtambo unaweza kujaribu tena baadaye, na ndipo watu wanaposema "nikiweka vocha tu imeshakatwa". Kununua kifurushi moja kwa moja kwa pesa ya simu, bila salio kupita, huifanya huduma ikose cha kula, lakini usajili unabaki palepale ukikusubiri.

Kujitoa ni hivi. Tafuta ujumbe wa mwanzo wa huduma hiyo. Una namba fupi na neno la kujitoa, kwa kawaida ONDOA au STOP. Tuma neno hilo kama lilivyoandikwa, kwenda namba fupi hiyohiyo. Subiri uthibitisho na usiufute. Ujumbe ukikosekana, piga 100, huduma kwa wateja, usiseme tu "salio linaliwa". Uliza: laini hii imejiunga na huduma gani za kulipia, kila moja ilianza tarehe gani, na kwa njia gani? Waambie watoe zote, na waizuie laini isiandikishwe tena. Baada ya hapo fungua menyu ya laini kwenye simu uzime zile jumbe zinazojitokeza, kama menyu inaruhusu.

"Usiwahi kujibu STOP, watajua namba ni hai"

Inategemea ujumbe umetoka wapi. Ukitoka namba fupi ya huduma uliyoandikishwa, STOP ndiyo njia. Ukitoka namba ya kawaida ya tarakimu kumi, usijibu kitu.

"Bando la GB 1 limeisha kwa saa moja, nimeibiwa"

Huenda, lakini angalia kwanza takwimu za data kwenye simu, programu kwa programu. Video zinazojicheza zenyewe, simu kusasisha programu usiku, na picha kupanda kwenye hifadhi ya mtandaoni humaliza GB bila kirusi chochote. Kanuni za Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, zilizoanza Aprili 2021 zinaitaka kampuni ikujulishe unapofika asilimia 75 na 100 ya kifurushi, na ikuachie uchague kama utaendelea kwa salio la kawaida au la. Ukikatwa salio baada ya kifurushi kuisha bila kukubali, hilo ni la kudai.

"Hoteli yetu ina mitambo ya ndani, hayo ya matapeli ni ya wenye simu za mkononi"

Kwa mwenye hoteli Nungwi au Mji Mkongwe, hasara kubwa iko hapa. Mtambo wa simu za vyumbani, hasa ule unaotumia intaneti, ukiachwa na nywila ya kiwandani, mtu wa mbali huingia na kuufanya upige namba za nje zenye bei kubwa, tena usiku na siku za mapumziko wakati hakuna anayeangalia. Bili inakuja kwa jina lako, na kudai ni vigumu kwa sababu simu kweli zilitoka kwako. Badilisha nywila za kila mkia, yaani kila namba ya ndani ya mtambo, na za sanduku la sauti, zima kipengele cha kupiga kutoka nje kupitia mtambo, funga simu za kimataifa kwa vyumba vyote na ufungue kwa ombi la mapokezi, usiuache mtambo wazi kwa intaneti nzima, na iombe kampuni ya simu iweke kikomo cha bili kwa maandishi.

"Pesa ikishakatwa hairudi, na TCRA ni ya bara"

Mawasiliano ni jambo la Muungano, na TCRA ina ofisi Zanzibar. Lakini hawatakupokea vizuri kama hukuanza na kampuni yako, kwa hiyo fuata ngazi.

Piga picha ya skrini kila ujumbe wa makato kabla hujafuta kitu. Omba orodha ya matumizi ya laini kwa siku zinazohusika. Uwe makini na saa: orodha huandikwa kwa saa 24, na 00:10 ni saa sita na dakika kumi usiku, na ukidai "saa kumi na mbili" ukikusudia 06:00, mhudumu akatafuta 12:00, hataona kitu. Peleka malalamiko kwa maandishi, mafupi, mfano:

*Laini yangu imekatwa sh. 150 tarehe 3, 4 na 5, saa 00:10, na huduma ya namba fupi [iandike]. Sikujiunga. Naomba ushahidi wa namna nilivyojiunga, kutolewa kwenye huduma hiyo, na kurejeshewa sh. 450.*

Kuomba ushahidi wa kujiunga ndilo neno lenye uzito, maana linamtaka mtoa huduma aonyeshe siku, saa na njia. Ukipiga simu badala ya kuandika, usikate kabla ya kupewa namba ya kumbukumbu ya lalamiko. Wakikuzungusha au jibu halikuridhishi, chukua namba hiyo, picha na orodha, upeleke TCRA, ama ofisini ama kwa simu ya bure 0800008272. Ukiwa Chake Chake au Mkoani, simu inakuokolea nauli ya boti.

Piga pia *106# uone namba zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukiikuta usiyoijua, nenda kwenye duka la kampuni hiyo ukaifute. Namba 15040 ni ya kitu chengine: unatuma namba ya tapeli na ujumbe wake, kama ule wa "ile pesa tuma kwenye namba hii", ili ishughulikiwe. Makato ya huduma za kulipia hayadaiwi huko.