Je, wajua? Wanasayansi wanajuaje kama kijiinzi ni spishi mpya

Wengi tunadhani spishi mpya inapatikana msituni, jamaa anafunua jani, anapiga kelele, kwisha. Kwa vijiinzi wa jamii ya Cecidomyiidae sivyo kabisa. Mdudu mwenyewe ana milimita 1 hadi 3 hivi, akipita mbele yako kwenye msitu wa Sweden utadhani vumbi, na upya wake unakuja kujulikana mezani, saa nyingine miaka kibao baada ya kufa.

Hii jamii si ngeni kwetu, yule mdudu anayefanya suke la mtama litoke bila punje ni ndugu yao. Wengine ndo wanaofanya majani yaote vinundu. Ila wa misitu ya kaskazini wengi wao hawana habari na majani, funza wao wanakula kuvu kwenye magogo yaliyooza, na kuna hata wale ambao funza anazaa funza wenzie kabla hajawa inzi (ndiyo, umesoma vizuri).

Sasa wanakamatwaje? Kuna mtego kama hema la chandarua, aliubuni Msweden René Malaise baada ya kuona wadudu wakiingia kwenye hema lake wanapanda tu juu mpaka kwenye kona. Basi kule juu inawekwa chupa ya spiriti. Kati ya 2003 na 2006 Sweden waliitega mitego hii nchi nzima wakapata wadudu wanaokadiriwa milioni 20, na hapo ndo kazi inaanza, maana lazima mtu akae awachambue, nzi huku, nyigu kule, na vijiinzi wetu ndo wengi na ndo wadogo na hakuna anayewataka.

Akishapatikana anayewataka, anamchukua dume. Jike mara nyingi hafai kwa sababu majike wa spishi tofauti wanafanana mno. Dume anasafishwa kwa dawa mpaka anakuwa kama kioo, anabanwa kwenye kigae cha hadubini kwa utomvu wa mti, halafu zinahesabiwa pingili za papasi (zile nyuzi mbili za kichwani), mishipa ya bawa, na zaidi ya yote vinaangaliwa viungo vyake vya uzazi. Hapo ndo siri ilipo: kwa nje mapacha, huku nyuma kila spishi ina umbo lake.

Wanasoma pia kipande cha DNA, herufi 658 hivi. Inasaidia sana, ila DNA inakwambia tu huyu ni tofauti na yule, haikwambii kama kuna mzee wa karne ya 19 alishampa jina. Kwa hiyo mtu anarudi kwenye maandishi ya zamani na vielelezo vya makumbusho, na hii kwangu ndo sehemu ngumu kuliko zote, maana michoro mingine ya zamani ni mistari miwili mitatu tu.

Hadi sasa spishi za jamii hii zilizopewa majina duniani ni zaidi ya 6,000. Mwaka 2016 watafiti wa Kanada walipiga hesabu kwa DNA wakaona nchi yao peke yake inaweza kuwa na kama 16,000!

Akithibitika mpya anapewa jina la maneno mawili kwa mtindo wa Kilatini, maelezo yanachapishwa, na dume mmoja anateuliwa kuwa holotaipu, yaani kielelezo rasmi cha jina hilo, anawekwa makumbusho. Siku mtu akibisha, anaenda kumuangalia huyo huyo.