Jibini haitoki friji ikaenda moja kwa moja kwa mgeni

Hapa Malindi wengi wetu tunaamini kwamba, kwa joto hili, jibini ya kukirimu wageni lazima itoke kwenye friji na kuandaliwa papo hapo. Sivyo. Mafuta ya jibini yakiwa baridi huwa magumu, na harufu inayobeba ladha hubaki imefungwa ndani. Mgeni hutafuna kitu kama mshumaa, akaondoka akisema jibini haina utamu.

Wazungu hushauri itolewe saa moja kabla. Kwetu hiyo ni nyingi mno. Nusu saa kivulini yatosha. Ikate, ipange kwenye sinia, uifunike kwa kawa: nzi hawaifikii, wala upepo wa feni hauikaushi kingo. Jibini aina ya Gouda ikianza kutoa jasho la mafuta, imepitiliza. Parmesan ni kavu, hiyo huvumilia. Mozzarella na nyingine laini ziache zitoke mwisho, na joto likizidi nyuzi 32 zisikae nje zaidi ya saa moja.

Pembeni weka korosho za kukaanga na tende, hasa ukiwa na gorgonzola, ile jibini yenye ukungu wa buluu: chumvi yake na utamu wa tende hupatana ajabu.